Nikitoka nchini kwangu, nani anaandika na nani anasoma? (Kasumbalesa na mipaka mingine)

Mama_Bitenge_Lshi (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote.

Niko mama wa biashara hapa Lubumbashi. Meza yangu iko soko la Kenya, Kenya ya hapa kwetu mjini, siyo nchi ya Nairobi. Nauza bitenge, viatu vya watoto na vyombo vya plastiki. Mali naifuata Tunduma, mara nyingine nashuka mpaka Kariakoo. Njia ni ile mnayoijua: basi mpaka Kasumbalesa, navuka Zambia, Kapiri Mposhi, Nakonde, halafu Tanzania. Huu ni mwaka wa kumi na nne.

Majuma mawili yaliyopita nilifika kwenye kituo kimoja cha mpaka. Sitakitaja, maana kijana aliyenipokea ana mdomo wa kulisha kama mimi na sitafuti afukuzwe kazi. Alipitisha pasipoti yangu kwenye mashine, akaangalia kioo, akasema: "Mama, mwaka huu hii ni mara ya tisa." Nikasema ndiyo, Baba. Ndipo akaanza. Unaenda kwa nani? Kufanya nini? Nani anakupa makuta (pesa) ya kusafiri hivi? Safari ya mwezi wa tatu ulikaa siku kumi na saba, siku zote hizo za nini? Halafu: mume wako anajua? Mwisho akataka nifungue simu aone niliongea na nani Tunduma.

Simu sikufungua. Nilisema betri imekufa, na huo ulikuwa uongo, moto ulikuwa bado nusu. Uongo ule unaniuma mpaka leo. Kukataa kulikuwa haki yangu, ningeweza kusema "hapana" mbele ya watu wote, lakini nilijificha nyuma ya betri kama mtoto aliyevunja kikombe.

Na mjue: sikuombwa hata franka moja. Matabishi, ile hongo ndogo, tumeyazoea, unatoa au unabishana, inaisha. Huyu hakutaka kitu changu. Alitaka kujua tu. Alikuwa na adabu, aliniita mama tangu mwanzo, akagonga kashe, yaani muhuri, akanitakia safari njema. Nilivuka miguu ikitetemeka.

Mtoto wangu wa kwanza anasoma sheria. Alinisomea Katiba ya 2006, kifungu cha 30: kila mtu aliye kwenye ardhi ya taifa ana haki ya kutembea humo kwa uhuru, kuchagua pa kukaa, kuondoka na kurudi. Kuondoka na kurudi. Imeandikwa.

Kashe mimi sikatai. Nchi ijue nimetoka siku fulani nimerudi siku fulani, sawa, hata nyumba ya wageni inaandika. Lakini kashe inasema "raia huyu ametoka". Maswali yale yanasema "raia huyu ameomba, na sisi tumemkubalia". Naona tunasogezwa polepole kutoka la kwanza kwenda la pili, na kilichotusogeza ni ile mashine. Zamani afisa alikuwa anafunua kurasa za pasipoti, anaona kashe zimepandana, wino umefifia, anachoka, anagonga yake. Pasipoti ikijaa unachukua mpya, na safari za zamani zinabaki kwako kabatini. Sasa hazibaki kabatini. Ziko kwake, zimepangwa kwa tarehe, na anazihesabu kabla sijasalimia.

Wenye kujua naomba mniambie: safari zangu zimeandikwa wapi, zitakaa miaka mingapi, nani mwingine anazisoma? Na mimi mwenyewe, naweza kuona faili yangu?

---

Dereva_wa_Mbali

Yaya, dada yangu mkubwa, pole na safari.

Mimi niko kwenye usukani tangu 2009, Kolwezi mpaka bandari ya Dar, shaba kwenda, bidhaa kurudi. Kasumbalesa nimelala usiku mwingi kuliko nilivyolala kwangu. Kuandikwa kwetu hakuhesabiki: uhamiaji, forodha, usafi, na wengine ambao sijaelewa kazi yao.

Lakini nikupe upande wa pili. Mwenzetu mmoja alipotea. Simu haiingii, tajiri wake hajui, mke analia. Familia ilizunguka Lubumbashi, Likasi, kila chumba cha maiti. Aliyewaokoa ni mtu wa uhamiaji. Alitazama, akawaambia: alitoka siku fulani, hajarudi. Basi wakaacha kutafuta huku wakaenda kutafuta ng'ambo. Walimkuta hospitali ya Kitwe amevunjika nyonga, simu ilikuwa imeibwa. Bila ile kumbukumbu wangekuwa bado wanamtafuta huku.

Kwa hiyo kuandikwa tu siwezi kukupinga wala kukuunga. Ila ile ya simu, hapana. Na ile ya mume, hapana mara mbili. Mimi miaka yote hii hakuna aliyeniuliza kama mke wangu anajua.

---

Kijana_wa_Ruashi

Kwa heshima yako mama, mimi sioni shida. Nchi iko na vita mashariki, madini yanatoroshwa, watoto wanavushwa. Afisa asipouliza tunasema hafanyi kazi, akiuliza tunasema anatuonea. Mwenye safari safi anajibu, anaenda. Dakika mbili.

---

Mama_Bitenge_Lshi

Mdogo wangu wa Ruashi, nimekusikia. Kila jioni nafunika meza yangu kwa turubai na kamba. Bitenge vyangu si vya wizi, risiti zote ninazo. Nafunika kwa sababu ni vyangu.

Na dakika mbili si hoja. Mwenzangu mmoja sokoni alikuwa anasafiri kwenda kumwona mtoto aliyemzaa kabla ya ndoa, analelewa na bibi yake Ndola. Mume hajui. Hiyo ni dhambi? Labda, ni kati yake na mume na Mungu. Ni kosa la jinai? Hapana. Baada ya kuulizwa maswali kama yangu, aliacha kwenda, akihofia siku moja mtu atamwambia mume wake "mke wako anavuka kila mwezi". Hakuna aliyemzuia, hakuna amri, hakuna karatasi. Amejizuia mwenyewe. Mtoto amekaa karibu mwaka bila kumwona mama yake. Hili ndilo lililonifanya niandike, kuliko hata yangu.

Dereva, habari ya yule wa Kitwe nimeipokea. Mungu awabariki waliomsaidia.

---

Afisa_Mstaafu

Nimefanya kazi ya mipaka miaka ishirini na mitatu, nimepumzika sasa. Naomba niseme bila kutetea mtu.

Kwanza, hizi mashine hazikuzaliwa kwetu. Desemba 2017 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2396, likazitaka nchi zote zikusanye taarifa za abiria wa ndege kabla hawajafika na orodha zao za tiketi, na zitumie alama za vidole na sura. Lengo lilikuwa wapiganaji waliokuwa wanarudi kutoka Syria na Iraki. Kwa hiyo mama usidhani ni Congo peke yake imeamka asubuhi kukuhesabu.

Pili, kuna faida ambazo msafiri hazioni. Interpol wana orodha ya pasipoti zilizoibwa na kupotea tangu 2002. Ukiiba pasipoti ya mwenzako, mashine inaweza kukukamata pale ambapo jicho langu lisingeweza. Nimewahi kumshika mtu na watoto watatu ambao hawakuwa wake. Nilijua kwa sababu niliuliza maswali ya kijinga kabisa: huyu mdogo anapenda kula nini? Alishindwa. Kwa hiyo usiniambie afisa asiulize.

Tatu, na hapa niko na mama. Raia anayetoka kwa pasipoti yake, mtu mzima, hana hati ya mahakama juu yake: kazi ya afisa ni kuhakikisha kwamba sura na karatasi ni za mtu mmoja, basi. Habari ya mume haimo kwenye kazi. Simu haimo kwenye kazi. Tulipoanza tulifundishwa hivyo. Mashine ikimwonyesha kijana safari tisa, anaona ni lazima aseme kitu juu ya hizo tisa, kama mtu aliyepewa nyundo, kila kitu anakiona ni msumari. Hajafundishwa kunyamaza.

---

Wakili_Haut_Katanga

Naona kifungu cha 30 kimetajwa, ila kimekatwa mkia. Mama, mwambie mwanao asome mpaka mwisho: haki ya kuondoka na kurudi ipo "katika masharti yaliyowekwa na sheria". Mkia huo ndio serikali inaushika kila siku. Mimi nauona tofauti. Masharti yawekwe na *sheria*, yaani kitu kilichopita bungeni na kuchapishwa, ambacho mama anaweza kukisoma. Mazoea ya kituo si sheria. Agizo la mdomo la mkubwa wa zamu si sheria. Sehemu ya pili ya kifungu kile kile inasema hakuna Mkongomani anayeweza kufukuzwa nchini wala kulazimishwa kwenda uhamishoni.

Simu yako inalindwa na kifungu cha 31: maisha ya faragha, siri ya barua, ya mawasiliano ya simu na ya aina nyingine yoyote. Tena isipokuwa pale sheria iliposema. Usingizie betri siku nyingine. Sema: "Baba, nionyeshe karatasi inayokuruhusu."

Nje ya Katiba kuna Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia 1976, wakati bado tunaitwa Zaire. Kifungu cha 12 kinasema kila mtu yuko huru kuondoka nchi yoyote, hata iliyo yake. Vizuizi vinakubaliwa, lakini viwe vya kisheria na vya lazima kwa usalama wa taifa, utulivu wa umma, afya, au haki za wengine. "Nataka tu kujua" haimo.

Juu ya "mume wako anajua". Wasomaji vijana wasidhani ni utani wa afisa mmoja. Sheria ya familia ya 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate idhini ya mume ili afunge mikataba na kufanya mambo mengi ya kisheria, na kwenye ofisi nyingi hiyo ilimaanisha barua ya mume hata kwa kutafuta pasipoti. Kifungu kile, cha 448, kilibadilishwa na sheria ya Julai 2016. Kimeondoka kwenye kitabu, hakijaondoka kwenye vichwa vya watu.

Na faili yako: tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna sheria ile tunayoiita Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali. Ina sehemu nzima juu ya taarifa binafsi za watu, na inampa mtu haki ya kuuliza nini kimeshikwa juu yake na kudai makosa yasahihishwe. Serikali itakujibu kwamba mambo ya usalama yana njia yake. Labda. Lakini safari ya kwenda kununua viatu vya watoto si siri ya usalama, na mpaka mtu aandike barua aombe, hatutajua watajibu nini. Mimi sijaona mtu aliyeomba.

---

Mama_Bitenge_Lshi

Wakili asante, na mwanangu nimemwambia asinikatie tena mikia. Kumbe haki ya kuomba ipo. Niko naifikiria hiyo barua.

---

Goma_Birere

Mimi nasoma huu uzi nikiwa Goma na naona mnaongea mpaka kama kitu kilicho mbali, unapanda basi unaufuata. Sisi mpaka unapita katikati ya maisha. Kutoka kwetu mtaa wa Birere mpaka Petite Barrière, kituo cha mpaka wa Rwanda, unafika kwa miguu chai haijapoa. Watu maelfu na maelfu walikuwa wanavuka kila siku kwenda Gisenyi na kurudi, wa nyanya, wa maziwa, wa kusuka nywele, wanafunzi. Wengi hawakuwa na pasipoti kabisa. Karte ya uchaguzi na jetoni, kile kikaratasi cha siku moja, asubuhi unachukua, jioni umerudi. Kikaratasi kile hakikuwa na kumbukumbu. Kesho yake unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kutoka.

Tarehe 22 Mei 2021, volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka usiku, maelfu walikimbilia Rwanda na mikeka na watoto mgongoni. Mimi nilikuwa nimembeba mama yangu. Anga nyekundu. Hakuna aliyetuuliza tunaenda kwa nani. Sisemi mpaka uwe hivyo kila siku. Nasema tu niliona kwa macho yangu kwamba mpaka unaweza kumwona mtu kama mtu.

Sasa nije kwenye lenu. Januari 2025 vita viliingia mjini na uwanja wa ndege ukafungwa. Baba mdogo alifariki Kinshasa. Dada yangu akaenda kuzika. Alipita wapi? Gisenyi, Kigali, basi mpaka Uganda, ndege ya Entebbe. Pasipoti yake ikagongwa kashe nne za nchi za kigeni: kuingia Rwanda, kutoka Rwanda, kuingia Uganda, kutoka Uganda. Kwa mashine, huyu ni mtu aliyezunguka nchi mbili za nje kwa siku tatu. Kwa ukweli ni Mkongomani aliyetoka mji mmoja wa Congo kwenda mji mwingine wa Congo kumzika Mkongomani.

Alipofika Kinshasa, alikuwa amevaa kitenge cha msiba, aliwekwa pembeni saa nne nzima. Rwanda ulikuwa unafanya nini? Ulilala kwa nani? Alikosa kuosha maiti. Alikuta jeneza limefungwa.

Ndugu wa Ruashi, safari ile ilikuwa safi. Sijui ingekuwa safi zaidi namna gani.

---

Kijana_wa_Ruashi

Pole sana ndugu wa Goma. Sikuwa nimefikiria hilo.

---

Afisa_Mstaafu

Goma, pokea pole zangu. Lakini niruhusu niseme, na usinielewe vibaya: hapo ndipo swali lina kazi. Mashine haijui msiba. Inaona kashe nne. Afisa akiuliza ndipo anaelewa kwamba huyu ni mfiwa. Bila swali angebaki mshukiwa kimyakimya.

---

Goma_Birere

Muzee, saa nne. Na baada ya kueleza, jibu lake liliandikwa wapi? Kashe nne ziko kwenye mashine. "Alikwenda kuzika" iko wapi? Juzi anarudi kwa njia ile ile, maswali yakaanza tena mwanzo, kama hajawahi kujibu.

---

Afisa_Mstaafu

Hilo sina jibu lake. Kweli, mahali pa kuandika sababu njema hapakuwepo. Tulikuwa na mahali pa kuandika shaka.

---

Muzee_wa_Kamalondo

Watoto wangu, mimi nimezaliwa hapa Kamalondo wakati inaitwa Commune Albert. Baba alitoka Kasai kuja kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Naomba mjue kwamba hii habari ya kuulizwa unaenda wapi ni ya zamani kuliko Katiba zetu zote.

Wakati wa Wabelgiji, mtu mweusi hakuweza kutoka eneo lake kwenda kukaa eneo lingine bila karatasi, waliita passeport de mutation. Hiyo ni ndani ya Congo, sisemi ng'ambo! Na hapa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kati ya mji wa Wazungu na cité yetu, mtaa wa watu weusi, waliacha uwanja mtupu, walisema ni kwa ajili ya afya. Usiku kutembea upande ule bila karatasi ni kosa. Baba aliwahi kulala kizuizini kwa sababu alikwenda kumtafutia mama dawa na karatasi ilibaki kwenye suruali nyingine. Alituhadithia mara nyingi, na kila mara aliitaja rangi ya ile suruali.

Desemba 1958 Nkrumah aliita mkutano wa watu wa Afrika nzima kule Accra. Lumumba alikwenda. Kasavubu, aliyekuja kuwa rais wetu wa kwanza, naye alitaka kwenda, akazuiwa. Sababu waliyotoa? Karatasi zake za chanjo hazikuwa sawasawa. Hawakusema "tunaogopa utakachosikia Accra". Walisema chanjo. Kwa hiyo mimi nikipita uwanja wa ndege wa Luano nikiombwa karte ya njano, naitoa, maana homa ya manjano inaua kweli, lakini siku zote nakumbuka kwamba karatasi njema ikiwa mikononi mwa mtu anayetaka kukuzuia, inatosha.

Mama wa bitenge, ile karatasi ya mutation ya baba ninayo bado, iko kwenye sanduku. Ukipita Kamalondo njoo uione.

---

Dereva_wa_Mbali

Muzee amenikumbusha. Tarehe 3 Agosti 2018 nilikuwa Kasumbalesa upande wa Zambia, malori yamesimama foleni mpaka huko nyuma. Ndiyo siku Moïse Katumbi, mpinzani aliyewahi kuwa gavana wa Katanga, alitaka kuingia nchini kwa barabara, akazuiwa. Sisemi nampenda au simpendi, uzi huu si wa siasa. Huku kwetu polisi walirusha gesi ya machozi, watu wanakimbia. Mtu mwenye jina kubwa, mwenye wanasheria na magazeti, alisimama upande ule wa kizuizi hakuingia, alirudi Lubumbashi Mei 2019. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani najiuliza: wakiamua ni mimi, nani ataandika kwamba dereva fulani hakuingia nyumbani?

---

Mshi_wa_Bukavu

Niko ng'ambo miaka mingi sasa, mzaliwa wa Kadutu. Niongeze kutoka huku, msije mkadhani wenzetu wamepona.

Marekani, miaka ya 1950, wizara ya mambo ya nje ilimnyima pasipoti W. E. B. Du Bois, yule mwanazuoni mweusi aliyepigania umoja wa Afrika tangu ujana wake. Ghana ilipopata uhuru Machi 1957 alialikwa, akashindwa kwenda. Muda ule ule mchoraji Rockwell Kent aliambiwa kwamba kabla ya kupewa pasipoti aandike kwa kiapo kama ni mkomunisti au la. Alikataa kuandika, akaenda mahakamani. Juni 1958 Mahakama Kuu ikasema haki ya kusafiri ni sehemu ya uhuru wa raia, na waziri hawezi kumnyima mtu pasipoti kwa ajili ya imani yake bila sheria ya bunge. Baada ya hapo Du Bois naye akapata pasipoti. Mwisho alihamia Ghana, akafia Accra Agosti 1963.

Mama, Kent alinyimwa pasipoti, na ndani yake kulikuwa na swali. Alichokataa ni swali.

Na Ulaya: tangu 2016 wana sheria ya kukusanya taarifa za abiria wote wa ndege wanaoingia na kutoka, na kuzihifadhi miaka mitano. Watetezi wa haki wa Ubelgiji, huko huko, wakaipeleka mahakamani. Juni 2022 mahakama ya Umoja wa Ulaya, kule Luxembourg, ikasema huwezi kushika safari za kila mtu miaka yote mitano hivihivi. Baada ya miezi sita ubaki tu na za wale ambao kuna sababu ya wazi juu yao. Ndiyo jibu la "miaka mingapi" kwa wenzetu. Lilipatikana kwa sababu kuna mtu alishtaki.

Kwetu hata alama za vidole tulizotoa kwa pasipoti zina historia. Pasipoti ya 2015 ilikuwa dola 185, ikitengenezwa na kampuni ya Semlex ya Ubelgiji. Mwaka 2017 shirika la habari la Reuters lilifichua kwamba katika kila pasipoti dola 60 zilikuwa zinakwenda kwa kampuni moja ya Falme za Kiarabu. Mkataba uliisha 2020. Bei tuliijadili sana, na ilikuwa haki yetu. Vidole vyetu viko kwa nani, hatukuuliza kwa sauti ile.

---

Kijana_wa_Ruashi

Nimesoma yote. Mama naomba radhi kwa ile ya dakika mbili. Bado naamini afisa aulize akiona watoto watatu na mtu asiyewajua. Lakini ndugu wa Goma amenimaliza. Ila kuandika barua... kwa nchi hii? Wataitupa.

---

Wakili_Haut_Katanga

Kijana, 2020 walituletea RAM, ile kodi ya kuandikisha simu, vocha zinakatwa hata hujaongea. Wakasema haiondoki. Watu wakapiga kelele sokoni, redioni, bungeni. 2022 ikaondoka. Sikuambii barua moja itafanya hivyo. Nakuambia barua ya kwanza haijaandikwa bado.

---

Mama_Bitenge_Lshi

Wandugu, nimechelewa kurudi, nilikuwa njiani.

Nimekwenda kwa Muzee Kamalondo na mwanangu. Karatasi ya baba yake tumeiona, imekunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo, lakini inasomeka. Mwanangu aliishika kwa mikono miwili hakusema kitu mpaka tumefika barabarani. Muzee, asante kwa chai, na shikamoo tena.

Barua nimeandika. Wakili alinirekebishia bila kunidai, namshukuru mbele yenu. Ni ukurasa mmoja. Nimesema mimi ni nani, namba ya pasipoti, na nimeomba mambo haya tu: nione orodha ya safari zangu kama ilivyoandikwa, niambiwe itakaa muda gani, niambiwe ni ofisi zipi zinaweza kuisoma, na kama kuna neno limeandikwa juu yangu zaidi ya tarehe za kutoka na kuingia, nilisome. Sikumshtaki yule kijana. Sikuandika habari ya mume.

Nilipoipeleka, mtu wa mapokezi aliisoma mara mbili. Akauliza: "Mama, kuna kosa lolote limetokea?" Nikasema hapana, nataka kuona vilivyo vyangu. Safari hii sikusingizia kitu. Akaingia ndani, akakaa, nikadhani haitarudi. Alitoka na nakala yangu imegongwa kashe ya kupokelewa, tarehe na namba.

Juma lijalo naondoka tena, ya kumi. Mwenzangu wa Ndola nimemwambia twende pamoja mpaka Kasumbalesa, nitasimama nyuma yake kwenye mstari. Hajanijibu bado.

---

Dereva_wa_Mbali

Yaya, niandikie siku. Kama nitakuwa nimepaki pale nitawatafutia basi zuri la kwenda Ndola, lile ambalo halijazi watu mlangoni.